Mwenye Pingamizi Aseme kwa Kinywa

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 2093. Asubuhi hiyo upepo wa mashariki ulivuma tangu kabla ya jua kuchomoza, wa baridi na wenye vumbi jekundu, na juu ya mji wa Unyankulo hapakuwa na wingu hata moja.

Ilikuwa Siku ya Kufuta Vumbi. Mara moja kwa mwaka mnara ulizimwa ili usafishwe, na siku hiyo watu walijifungia ndani. Maduka hayakufunguliwa. Watoto hawakwenda shule. Aliyelazimika kutoka alipita kando ya kuta akitazama chini, maana hakujua amsalimie nani na ampite nani bila ushanga wa nyuma ya sikio kumwambia kwa joto au baridi.

Yuditha Ntandu alikuwa juu ya mnara, mkanda kiunoni, akipangusa vyuma kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya alizeti. Nyuma ya sikio lake, mahali ushanga ulipopandwa alipomaliza darasa la saba, ngozi ilikuwa shwari. Haikuwa na joto wala baridi. Aliipenda hali hiyo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

"Dada Yudi!" Njiku, fundi mwenzake, aliita kutoka chini. Alikuwa mwanamume mnene aliyeogopa kupanda, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kwenye mitambo ya chumbani. "Shuka! Bwana harusi amefika na maji. Kila mwaka maji tu huyu. Hata soda haijui?"

"Soda inaongeza kiu, fundi," Obedi Lyamba alijibu, akitua dumu chini. "Na sisi wakavu mambo ya kiu tunayajua."

Njiku aliangua kicheko. Katikati ya kicheko akagusa nyuma ya sikio, kama walivyozoea watu wote wa mji, kuona kama anaruhusiwa. Hakuhisi kitu cha kumzuia, akaendelea kucheka.

Wakavu ndilo jina walilopewa watu wa Ziwa Kavu. Walikuja Unyankulo na mbuzi wao wakati Yuditha bado mtoto, ziwa lao lilipogeuka kuwa tope lililopasuka. Walipokelewa kwa sharti kwamba nao wapandwe ushanga. Tangu hapo ilisemwa kwamba mkavu akinywea kisima, kisima hukauka. Hakuna aliyewahi kukiona kisima hicho, lakini hakuna mama aliyemtuma mtoto wake achote maji nyuma ya mkavu.

Mwaka jana, siku kama hii, Yuditha alishuka na kumkuta Obedi ameleta maji mnarani kwa kuwa mabomba yalikuwa yamefungwa. Walizungumza hadi kivuli cha mnara kikahama. Kesho yake, mnara ulipowashwa, alimwona sokoni na baridi ikampiga nyuma ya sikio kama maji ya mtungi. Alisimama palepale. Akajiuliza: jana nilimwona nani, na leo naonyeshwa nani? Alilipeleka swali hilo katika maombi kwa miezi. Mwishowe, Obedi alipomposa, akamwambia ndiyo.

Sasa matangazo ya ndoa yao yalikuwa yamesomwa kanisani mara mbili, na mara zote mbili kanisa zima lilikuwa baridi. Jumapili ingekuwa mara ya tatu. Baridi ya tatu ilimaanisha kwamba ndoa haifungwi.

*

Kabla ya kuwasha mnara, mafundi walipaswa kuhakikisha kwamba shanga zote zinatuma. Walituma picha ya majaribio kwenye simu za watu, kisha wakasoma kwenye kioo cha mtambo kila ushanga unasema nini ukiwa peke yake. Kwa kawaida walituma picha ya mwenyekiti wa mji. Mwaka huu Njiku alituma picha nyingine.

"Njiku! Umefanya nini?"

"Nimetuma ya Obedi. Ile ya matangazo." Hakuona haya. "Huna hamu ya kujua?"

Yuditha alitaka kumkaripia, lakini macho yalikuwa yameshafika kwenye kioo. Kila nukta ilikuwa mtu mmoja. Nyingi hazikuwa na rangi. Hapa na pale ilionekana nyekundu hafifu, joto la mtu aliyewahi kusaidiwa jambo. Na katikati, ikiwaka peke yake kama jicho la paka, palikuwa na nukta moja ya buluu, ya baridi.

"Moja," Njiku alinong'ona. "Mji mzima, mtu mmoja."

"Washa," Yuditha alisema.

Mnara ulinguruma. Njiku akatuma picha ileile tena. Buluu ikatoka kwenye nukta ile ikaingia za jirani, na kutoka za jirani ikaenda mbele, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa. Chai yao ilikuwa haijapoa wakati kioo kizima kilipokuwa buluu. Nukta zilizokuwa nyekundu zilikuwa buluu kuliko zote, labda kwa kuwa ziliona aibu. Na pale alipokaa, Yuditha akahisi baridi ikimrudia nyuma ya sikio.

Aliijua kazi ya mnara tangu alipofundishwa ufundi. Ushanga husoma damu ya aliyeuvaa anapomwona mtu. Mnara hukusanya hisia za ukoo wake na majirani zake, ukazirudisha kwake kwa joto au baridi. Wazee waliuleta baada ya ugomvi wa malisho, ili pasiwe na mtu wa kuvamiwa na chuki asiyoijua. Nia ilikuwa njema. Lakini damu ikishapigwa baridi husinyaa, na ushanga hauwezi kutofautisha baridi iliyozaliwa moyoni na baridi iliyoletwa na ushanga wenyewe. Huisoma tu, ukaituma mbele.

"Nikigusa hapa nitapata jina lake," Njiku alisema, kidole kikielea juu ya kioo.

"Ni kosa. Usiguse."

"Basi tumzibe bila kumjua. Au tumpe Obedi joto kidogo. Kidogo tu, dada, kama chumvi kwenye mboga. Jumapili kanisa lote litapiga vigelegele, na hakuna atakayeumia. Niambie, nani ataumia?"

Yuditha aligeuka. Mlangoni aliona mgongo wa Obedi, ameinama akijaza ndoo. Aliwaza mama yake Obedi, ambaye aliuza karanga nje ya uzio wa soko mwaka nenda mwaka rudi kwa sababu ndani baridi ilimfukuza. Aliwaza watoto watakaozaliwa. Kitufe cha kutia joto kilikuwa pale, karibu na kikombe chake. Aliomba macho yakiwa wazi, bila maneno mengi: Bwana, nisaidie nisiwe mwizi kwa ajili ya jambo jema.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Nitakuwa nimeolewa kwa idhini niliyoipika mwenyewe. Na wewe, siku ukigombana na mtu, utalala usingizi ukijua mimi ndiye nimekaa kwenye kiti hiki?"

Njiku alikuna kidevu. "Hapo umenipata," alisema, akaondoa kidole.

Kumwambia Obedi kulikuwa kugumu zaidi. Alimweleza yote wakiwa wamesimama upande wa mnara usio na upepo. Obedi alikaza kifuniko cha dumu.

"Ungeweza?"

"Ningeweza."

"Mama yangu ameota jua nje ya uzio mpaka macho yameingia ukungu," alisema polepole. "Kidole chako kimoja tu, Yuditha. Sijui kama nikushukuru au nikulaumu."

"Nilaumu. Lakini Jumapili uje."

"Kupigwa baridi mara ya tatu?"

"Uje tu. Nitawauliza mbele yako."

*

Jumamosi alimkuta shangazi yake uani, akipepeta uwele. Shangazi Peresi ndiye aliyemlea tangu baba yake, Simeoni, alipofariki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ila usikae huko upepo unakokwenda, utakula makapi."

Yuditha alikaa. "Kesho ni mara ya tatu."

"Najua."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi niseme nini? Watu hawamtaki."

"Sikuuliza watu, shangazi."

Ungo uliruka, ukapokea, ukaruka. "Mtu haolewi na mtu mmoja. Siku ukiugua, huyo Obedi atakubeba peke yake? Watakubeba watu. Ukifa, watakaochimba ni watu. Sasa watu wakikugeukia mgongo utakwenda wapi? Utahamia ziwani ambako hakuna ziwa?"

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na Yuditha aliyasikia yakimchoma. Watu hao ndio waliomzikia baba yake, na ndio waliomlisha.

"Na kama watu hawana neno naye? Kama kila mmoja anamsikiliza mwenzake tu?"

Ungo ulisimama hewani. Punje zikamwagika, kuku wakakimbilia.

"Baba yako angekuwepo," shangazi alianza, kisha akaacha. Akaendelea kupepeta, haraka kuliko mwanzo.

Wazo juu ya ile nukta ya buluu likamjia Yuditha. Akalifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya vilima, alikwenda kwa Mchungaji Irunde.

"Bwana asifiwe, Mchungaji."

"Amina. Karibu. Uso wako una safari."

"Nimekuja kuomba kitu kimoja. Kesho, ukishasoma jina langu na la Obedi, usisubiri baridi. Uliza kwa mdomo."

Mchungaji alivua miwani. "Swali limo kwenye kitabu cha ibada hadi leo. Mwenye pingamizi aseme. Lakini mara ya mwisho mtu kusimama akajibu, mimi nilikuwa kijana wa kwaya."

"Lilifutwa?"

"Halikufutwa. Tuliacha tu. Ushanga ulikuwa unajibu upesi, na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake usoni." Alizungusha miwani mkononi. "Mwanangu, sikia. Mtu akisimama na sababu ya kweli, nitaifuata. Sitakufungisha ndoa kwa huruma."

"Uifuate," Yuditha alisema. "Nataka tu sababu iwe na mwenyewe."

*

Jumapili kanisa lilijaa. Upande wa nyuma, karibu na mlango, walikaa watu wa Ziwa Kavu, na mama yake Obedi, Mama Nashera, alikuwa kati yao na kitenge cheupe kichwani. Yuditha na Obedi waliitwa mbele. Walipogeuka kulikabili kanisa, baridi iliwapiga wote wawili nyuma ya masikio, kali kuliko Jumapili zote. Obedi alikunja ngumi. Yuditha alishika kiwiko chake mbele ya watu wote, jambo ambalo halikuwa desturi, na hakukiachia.

Mchungaji alisoma majina. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho." Watu walianza kujiweka sawa kwenye mabenchi, wakijua neno linalofuata. Neno lenyewe lilikuwa: Baridi imesema.

Hakulisema.

"Mwenye pingamizi asimame," Mchungaji alisema, "aseme kwa kinywa chake, na aseme sababu yake."

Watu walitazamana. Mtu akakohoa. Mahali fulani mtoto aliuliza kwa sauti, "Mama, asimame nani?" akafinywa.

Hatimaye Mzee Hango, mzee wa kanisa, aliinuka mstari wa pili.

"Mchungaji, haya maswali ya nini? Sote tunasikia."

"Unasikia nini, mzee wangu?"

"Watu hawataki."

"Watu gani?"

"Watu." Alizungusha mkono. "Hawa."

"Na wewe, Mzee Hango? Wewe mwenyewe una nini na Obedi?"

"Mimi?" Mzee alishtuka kama aliyeulizwa umri wa mke wake. "Mimi sina neno. Mtaro wa shambani kwangu alinichimbia huyuhuyu, na ukingo wake haujabomoka hadi leo. Tatizo ni watu, mathalani Mama Sungi hapa."

"Mimi!" Mama Sungi aliruka. "Wewe mzee unanitaja mimi? Mimi najibana hapa miaka yote nikijua wewe ndiye usiyewataka! Karanga za mama yake nazinunua kwa kumtuma mtu, nikiogopa wewe utaniona!"

"Kwa kumtuma nani?"

"Kwa kumtuma mkeo!"

Kicheko kikapasuka, hata kwenye kwaya. Mke wa Mzee Hango alificha uso kwa kitabu cha nyimbo. Lakini kicheko kilipoisha baridi ilikuwa palepale, haikuyeyuka, na watu wakagusa nyuma ya masikio wakishangaa. Kama si wao, basi ilitoka wapi?

"Ni mimi," sauti ilisema.

Shangazi Peresi alikuwa amesimama. Hakuwa amejishika popote.

Yuditha alimgeukia. Wazo alilolifukuza jana lilikuwa limeingia kwa mlango wa mbele.

"Sina haja ya kujificha nyuma ya Hango," Peresi alisema. "Ndugu yangu Simeoni alikwenda kisimani akiwa mzima. Wakavu na watu wetu walikuwa wanagombania kamba. Akateleza, au alisukumwa, Mungu anajua. Alitolewa akiwa maiti. Sikuwachukia siku hiyo. Katika kugombana mtu huanguka. Nilikaa msibani nikawangoja. Nikasema, watakuja. Hata mmoja, hata mtoto, aje aseme pole. Tukamaliza matanga. Hakuna aliyekuja." Sauti yake ilikatika, akaivuta tena. "Mbwa wa jirani akifa unauliza amekufaje. Ndugu yangu hakuulizwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, Mchungaji, na mwenyewe ni mimi."

Mchungaji Irunde alimtazama Yuditha, na Yuditha alielewa mtazamo ule. Sababu ya kweli ilikuwa imesimama. Aliinamisha kichwa kukubali.

Obedi alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya nyuma kabisa.

"Tulikuja."

Mama Nashera alikuwa anatembea kuelekea mbele, akipapasa kingo za mabenchi kwa sababu ya macho yake.

"Tulikuja, dada yangu. Siku ya pili ya msiba. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha maziwa ya mbuzi, wa mwisho aliyebaki na maziwa, na wazee wetu watatu walinifuata. Tulifika kwenye lango lako la miiba. Nilikuona. Ulikuwa umekaa chini na khanga ya buluu. Na ushanga wangu, ambao ulikuwa bado kidonda kibichi, ukanipiga baridi ambayo sijawahi kuihisi. Wazee wakasema: wametukataa, tukiingia damu itamwagika tena. Tukageuka. Maziwa nilimwagia mti njiani, kwa kuwa sikuweza kuyanywa."

Peresi alimkodolea macho. "Mlifika langoni?"

"Tulifika."

"Mkarudi kwa ajili ya baridi?"

"Hukuwa umekasirika?"

"Nilikuwa nimekasirika!" Peresi alipiga kelele. "Ndugu yangu alikuwa amelala ndani! Ulitaka niwe na joto? Nilikuwa nimekasirika, na ungeingia ningekupigia kelele, kisha ningekupokea kibuyu chako, tungelia. Hasira ndiyo hiyo. Nani alikwambia hasira ni mlango uliofungwa?"

Mama Nashera alipiga hatua ya mwisho. Alikuwa amefika. Alinyoosha mikono yote miwili, mitupu, kama mtu anayekabidhi kitu.

"Pole kwa Simeoni," alisema. "Nimechelewa sana."

Peresi aliitazama mikono ile muda mrefu. Baridi nyuma ya sikio haikuwa imeondoka, na Yuditha hakuiombea iondoke. Aliomba tu shangazi asikae chini. Kisha Peresi akaipokea mikono ya Mama Nashera, akaishika kwa nguvu, karibu kwa ukali.

"Peresi," Mchungaji alisema kwa upole, "kanisa linakusikiliza. Uliyoyasema ni ya kweli. Je, ni pingamizi?"

"Ningojeni," Peresi alisema. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alimtazama Obedi, aliyekuwa mtoto wa kubebwa siku ile ya kisima, akamtazama Yuditha, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutembea. Halafu akageuka, akalikabili kanisa zima, mkono mmoja bado umeshika wa Mama Nashera.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi nyote mlioketi hapa, mimi Peresi Ntandu nasema. Uchungu wangu haujaisha, na sitawadanganya kwamba umeisha. Lakini kuanzia leo ni wangu, msiubebe tena kwa niaba yangu. Siku nikiwa na neno juu ya Obedi, au juu ya mtu yeyote wa kwao, nitatembea hadi mlangoni pake, nitabisha hodi, na nitalisema kwa kinywa changu hiki. Na siku ya ndoa, kwa kuwa ndugu yangu hayupo, nitamshika mkono binti yake nimlete hapa mbele mwenyewe. Naahidi."